Kabla Hujaweka Muziki Kwenye Filamu: Niliyojifunza kwa Wakulima wa Mwani

Kikundi cha akinamama wanaolima mwani Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, kilitaka filamu fupi ya kuonyesha kazi yao, kuanzia kufunga mbegu kwenye kamba hadi sabuni inayouzwa dukani. Nilikubali kwa furaha maana kazi ile naiheshimu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hiyo mwaka 1989, na wengi wanaokibeba hadi leo ni wanawake, wanaoyafuata maji yakipwa na kukimbizana nayo yakijaa. Bajeti ilikuwa ndogo: nauli, mpiga picha mmoja, na mimi mhariri. Fungu la muziki halikuwemo. Tulipomaliza kupiga picha, na zikawa nzuri kuliko tulivyotegemea, ndipo likaja suala lililoninyima usingizi kuliko upigaji picha wenyewe. Muziki gani uwekwe chini ya picha zile, na kwa ruhusa ya nani?

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaohariri video za vikundi, maduka, asasi na harusi, ambao mteja huwaambia "weka na kamuziki kazuri hapo" kana kwamba muziki unaokotwa.

Ombi la kwanza la kikundi lilikuwa taarabu ya zamani, ile ambayo ikipigwa harusini hakuna asiyeinuka kwenda kutunza. Ni ombi la haki kabisa. Tatizo ni kwamba wimbo uliorekodiwa una wenyewe wa aina mbili. Utunzi, yaani mashairi na sauti ya wimbo, ni wa mtunzi au warithi wake. Rekodi ni ya aliyeigharamia: studio, kikundi, redio au kampuni. Ukitaka kuuweka wimbo huo chini ya picha, unahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Bara mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na taasisi yake ni COSOTA. Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2003, na taasisi yetu ni COSOZA. Nilianza kuulizia. Mtunzi alishafariki, warithi wametawanyika, mmoja yuko Muscat, na ile rekodi hakuna aliyeweza kuniambia kwa uhakika ni mali ya nani. Warithi niliowapata walikuwa waungwana, hawakukataa, ila hakuna aliyekuwa radhi kutia saini kwa niaba ya wenziwe. Nikawaeleza akinamama, wakasikitika, tukaliacha.

Na usidhani umri wa wimbo unamaliza kazi. Beethoven alifariki mwaka 1827 na utunzi wake leo hauna mdai, lakini orkestra iliyourekodi juzi ina haki juu ya rekodi yake. Nimewaona vijana wakipakua "muziki wa kale" kwa amani kabisa, halafu wanashangaa kudaiwa.

Hapo ndipo nilipogeukia maktaba za muziki usiodai mirabaha, yaani malipo ya kila mara wimbo unapotumika. Biashara hii ni kongwe. De Wolfe ya London ilianza mwaka 1909, enzi za sinema bubu, kwa kutoa muziki ulioandikwa kwenye karatasi ili wanamuziki wa ukumbini wapate cha kupiga picha zikipita. Siku hizi mambo yako mtandaoni, ila utaratibu ni uleule: mtunzi anatengeneza muziki kabla hajaiona filamu yako, maktaba inauhifadhi, nawe unachukua leseni ya kuutumia. Unalipa mara moja kwa wimbo, au unalipa ada ya mwezi au ya mwaka, na baada ya hapo hudaiwi tena kila video inapotazamwa. Muziki unabaki kuwa wa mtunzi. Wewe umepewa ruhusa tu, na ruhusa ina mipaka.

Kwa sababu ya mipaka hiyo, siku hizi kabla sijasikiliza hata wimbo mmoja namuuliza mteja: filamu hii itaonekana wapi? YouTube na Instagram pekee? Runinga? Tamasha la filamu? Itakatwa baadaye iwe tangazo la kulipia? Itawekwa kwenye chaneli yangu au ya kwenu? Kila jibu lina leseni yake, na tofauti ya bei inaweza kuwa kubwa kuliko malipo yako ya kuhariri. Mwenyekiti wa kikundi aliniambia filamu itawekwa YouTube na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara. Nilimwomba aniandikie hivyo kwa WhatsApp, na ujumbe ule ulikuja kunifaa sana.

Nilianzia kwenye milango ya bure, nayo ni ya heshima. YouTube ina Maktaba ya Sauti ndani ya YouTube Studio, ukurasa wake wa kusimamia chaneli, ambamo nyimbo nyingi hazitaki hata kutajwa, na nyingine zina leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi anayoitoa mtunzi kwa watu wote, inayotaka umtaje. Kevin MacLeod, Mmarekani, ametoa nyimbo zaidi ya 2,000 kupitia tovuti yake ya Incompetech kwa sharti hilohilo la kutajwa. Kama unatazama video za mafunzo mtandaoni umeshamsikia, hata kama jina lake ni geni kwako. Nimetumia kazi zake na sina ila shukrani.

Lakini leseni za Creative Commons ziko za aina kadhaa, na zile herufi mbilimbili za mwishoni zina uzito. BY inakutaka utaje jina la mtunzi, kazi, mahali ilipotoka, leseni yake, na kama umeibadilisha. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na filamu ya kikundi kinachouza sabuni imeshaingia humo. SA inadai kwamba filamu yako nayo uitoe kwa leseni ileile, jambo ambalo mteja anayelipa hatalikubali kirahisi. ND inakataza kuibadilisha kazi, na hapa wengi hawajui: kwa leseni hizi, kuuweka muziki chini ya picha zinazotembea kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha, hata kama hujakata sekunde moja. Kwa hiyo wimbo wenye ND haufai kwa video. Kwa kazi za wateja nimebakiza BY tu, pamoja na CC0, ambayo mtunzi ameachia haki zake zote. Na nikipakua, napiga picha ya skrini ya ukurasa wenye leseni, tarehe ikionekana, kwa sababu ukurasa unaweza kuondolewa kesho na ukabaki huna ushahidi.

Sikupata kwenye vya bure muziki niliouhitaji, nikaingia kwenye maktaba ya kulipia.

Sehemu hii nataka niieleze kwa kirefu, maana mafunzo mengi ya muziki wa video huzungumzia leseni tu, na sikio hawaligusi. Niliandika "Afrika" kwenye sanduku la kutafutia. Zikaja kurasa kwa kurasa za nyimbo zenye majina ya simba, nyika na jua kuchwa. Ngoma za djembe, vigelegele, kwaya inayopaza sauti kwa lugha isiyotambulika, na kora hapa na pale. Djembe ni ya Mali na Guinea. Kora ni ya Senegal, Gambia, Mali na majirani zao. Ni ala tukufu kwao. Kutoka huko hadi Jambiani, hata hivyo, ni safari ya kuvuka bara zima. Niliuweka wimbo mmoja uliokuwa umepigwa vizuri, nikakata picha zikapatana na mapigo: kamba inavutwa, ngoma inalia, jua linachomoza. Kitaalamu ilikaa sawasawa.

Nikaenda nayo Jambiani kwenye kompyuta, tukakaa barazani kwa mwenyekiti na wenziwe kadhaa, na watoto wamejazana nyuma yetu. Haikufika mbali. Bibi mmoja, mkubwa wa wote pale, ambaye ndiye anayeonekana kwenye picha ya kwanza akiwa amepiga magoti majini, alininyooshea mkono.

"Mwanangu, simamisha kidogo. Ngoma hii ya wapi?"

"Ya Afrika Magharibi, Bibi."

"Basi itoe. Mie hapo nimeinama tangu alfajiri, kiuno kinanikata, wewe wanipigia ngoma ya kuchezea wageni hotelini. Sisi tuna ngoma zetu, tuna kidumbaki, tuna beni. Kama hukuzipata hizo, bora nisikie bahari."

Wenziwe wakaitikia. Mwenyekiti akajaribu kunitetea, akasema labda wageni ndivyo wanavyopenda. Bibi akajibu kwamba filamu hii watoto wake wataitazama kabla ya wageni.

Niliondoa muziki wote nikaanza na bahari, kama alivyosema. Tulikuwa tumerekodi sauti za mahali pale: maji yakitembea kwenye mchanga, upepo, kigingi kikipigwa, wanawake wakiitana kutoka shamba hadi shamba. Nilipozipanga hizo kwanza, nikagundua kwamba karibu nusu ya filamu haikuhitaji muziki kabisa. Hilo ni punguzo la gharama na la hatari kwa pamoja. Tangu hapo napanga sauti za mahali kabla ya kutafuta wimbo, na wimbo unaingia pale tu ambapo picha peke yake haijitoshelezi.

Na namna ya kutafuta nikaibadilisha. Niliacha kutafuta kwa jina la bara au nchi, nikatafuta kwa hali, ala na mwendo: utulivu, nyuzi, mapigo kama 70 kwa dakika, bila waimbaji. Niliandika pia udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Udi ulipatikana, ukipigwa kwa mtindo wa Kituruki, mzuri sana, lakini masikio ya Unguja yangeutambua mara moja kuwa ni wa ugenini. Kidumbaki hakikuwepo hata kimoja. Mwishowe nilichagua gitaa moja na sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, muziki mtulivu usiodai kuwa wa mahali fulani. Naona hilo ni bora kuliko muziki unaojifanya wa mahali pasipo pake. Nilipowapelekea tena, Bibi alitazama hadi mwisho, akauliza tu kwa nini hajaonekana mjukuu wake.

Malipo sasa. Wimbo ule ulikuwa dola 19, nami nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, ikafika karibu shilingi 50,000 pamoja na makato. Kabla ya kulipa soma mambo haya kwenye leseni, hata kama Kiingereza chake ni cha wanasheria: ni kwa mradi mmoja au mingi, inaruhusu kazi ya mteja au yako binafsi tu, inaruhusu matangazo, inaruhusu utangazaji wa redio na runinga, na jina la nani liandikwe kwenye hati. Kama ni ada ya mwezi, angalia nini kinatokea ukiacha kulipa. Kwenye maktaba nyingi video uliyoichapisha wakati unalipa inabaki salama, lakini huwezi kuuchukua wimbo uleule ukauweka kwenye video mpya baada ya ada kuisha. Nyingine zinataka kwanza uisajili chaneli ya mteja kwenye akaunti yako, ama sivyo video yake haitambuliwi.

Wimbo uliolipiwa unapewa hati yenye namba. Mimi nafungua folda moja kwa kila mradi na kuweka humo hati hiyo, risiti, nakala ya masharti ya leseni kama yalivyokuwa siku ile, kiungo cha wimbo, na faili yenyewe ikiwa na jina lake la asili. Nikibadilisha jina la faili kuwa "muziki mpya final 2", baada ya mwaka sitajua ilitoka wapi. Nakala ya folda hiyo napeleka kwa mteja, maana chaneli ni yake na siku ya kudaiwa ndiye atakayeulizwa.

Kuhusu kuchanganya sauti sitasema mengi. Maktaba nzuri zinakupa wimbo ukiwa umetenganishwa, gitaa peke yake, sello peke yake, na kwa filamu yenye maelezo hiyo ni neema, kwa sababu unaweza kuiondoa ala inayogombana na sauti ya mtu. Muziki chini ya maneno nauacha desibeli 18 hadi 20 chini ya sauti ya msemaji, na kwenye muziki napunguza kidogo eneo la kilohezi 2 hadi 4 ambako matamshi ya maneno yanakaa. Halafu jaribu kwenye simu ya kawaida, spika ikiwa mkononi. Wengi wataitazama hivyo.

Filamu ikapandishwa YouTube kwenye chaneli ya kikundi. Kabla ya kuifungua kwa umma niliiacha kama ya faragha, ili ukaguzi wa hakimiliki upite kwanza. Ukapita salama. Tukaifungua, ikapendwa, jamaa wa Dubai na London wakaisambaza.

Wiki kadhaa baadaye, usiku, kijana wa mwenyekiti akanipigia. Kumekuja barua pepe ya dai la hakimiliki, inasema muziki ni wa mtu mwingine, na mapato yoyote ya matangazo yatakwenda kwake. Ila habari ilikuwa imeshafika kijijini kwa sura nyingine: kwamba filamu imetiwa wimbo wa wizi. Asubuhi mwenyekiti alinipigia mwenyewe. Hakugomba. Aliuliza taratibu, "Mwanangu, tumeiba?" Sauti ile iliniumiza. Hawa ni watu wanaouza bidhaa kwa jina lao, na jina ndilo mtaji wao. Kuwa na hati mkononi hakukunipunguzia aibu niliyoihisi kwa niaba yao.

Yaliyotokea ni haya, na yanaweza kumtokea yeyote aliyelipa kihalali. YouTube ina mfumo uitwao Content ID, ulioanza mwaka 2007, unaolinganisha sauti ya kila video na sampuli zilizosajiliwa na wenye haki. Kwa kanuni zake, anayesajili anatakiwa awe na haki pekee juu ya sauti hiyo. Lakini mtu anaweza kuchukua kipande cha muziki wa maktaba, akakitia ndani ya biti yake, akaipeleka kwa msambazaji wa muziki mtandaoni, na msambazaji akaisajili. Tangu hapo mfumo unaona gitaa lile kuwa ni la mtu yule, na unazipitia hata video za zamani. Ndiyo maana ukaguzi wetu wa mwanzo haukuona kitu: siku ile sampuli ile haikuwa imesajiliwa.

Kwanza nilimtuliza mwenyekiti kwa kumweleza tofauti ya dai na onyo. Dai la Content ID haliipi chaneli alama mbaya. Linagusa mapato au mahali video inapoonekana. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine, zito, linalokuja pale mwenye haki anapoomba video iondolewe kisheria, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli. Sisi tulikuwa na dai. Kisha nilimtumia hati ile yenye namba, nikamwomba aisome mbele ya wenziwe. Alifanya hivyo siku ileile.

Halafu tukapinga dai. Kwenye fomu tulichagua sababu ya kuwa na leseni, tukaandika jina la wimbo, jina la mtunzi, namba ya hati na tarehe ya ununuzi. Sentensi fupi, bila hasira. Wakati huohuo niliiandikia maktaba, nayo ikamwarifu mtunzi, maana yeye ndiye mwenye nguvu ya kumwambia msambazaji kwamba sauti ile si yake. Aliyedai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linakufa lenyewe. Ukipinga ndani ya siku 5 tangu dai liingie, mapato ya kuanzia siku ya kwanza ya dai yanazuiwa hadi shauri liishe, kwa hiyo usikawie. Kwetu dai liliondolewa kabla muda haujaisha, bila maelezo wala samahani.

Jambo moja nalisisitiza hapa: usipinge kama huna hati. Anayepinga bila haki anaweza kukataliwa, na akiendelea kukata rufaa anampa mdai sababu ya kuomba video iondolewe, na hapo ndipo onyo linapoingia. Nimewasikia vijana wakishauriana "we pinga tu, hawajibu". Wanajibu.

Kisha likaja la pili, hili la heri. Kikundi kilipata nafasi ya kurusha tangazo la sabuni kwenye runinga, na mwenyekiti akaomba nikate sekunde 30 kutoka kwenye filamu ileile. Nikarudi kwenye hati. Leseni yetu iliruhusu mtandao na maonyesho, runinga haikuwemo. Nikamwonyesha ule ujumbe wake wa WhatsApp, kwa wema tu, akakumbuka. Kupandisha leseni hadi ya utangazaji kungegharimu mara kadhaa ya bei ya kwanza. Kituo nacho kilitaka orodha ya muziki: jina la wimbo, mtunzi, chama chake cha hakimiliki kama anacho, na sekunde zilizotumika. Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sauti kubwa. Wewe huenda hudaiwi kitu tena, lakini mtunzi akiwa mwanachama wa chama cha kukusanya mirabaha, kituo kinaporusha wimbo wake bado kinaweza kuwa na wajibu kwake. Muulize mwenye maktaba kabla ya kupeleka kazi kituoni.

Tuliketi tukapiga hesabu. Kwa fedha ile ya kupandisha leseni tungeweza kumlipa mpigaji wa hapa. Mji Mkongwe hakukosi watu: wako wa vikundi vya taarabu, na wako waliopita DCMA, chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 2002. Nikaelekezwa kwa maalim mmoja wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Nilimfuata kwake, tukasalimiana, nikamwonyesha picha za Bibi akiwa majini. Akazitazama mara mbili bila kusema, kisha akavuta kanuni yake, nyuzi zaidi ya 70, akaanza kuiweka sawa. Alipiga polepole, akiacha nafasi baina ya sauti na sauti. Utunzi ni wake mwenyewe, aliutunga palepale na kuurekebisha baadaye. Nilimlipa shilingi 200,000, na studio ikachukua shilingi 80,000.

Mkataba tuliuandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Unasema kwamba utunzi ni wa maalim na unabaki kuwa wake. Rekodi ni ya kwetu sote wawili. Kikundi kinaruhusiwa kuutumia kwenye filamu, matangazo ya mtandaoni, redio na runinga bila kikomo cha muda. Jina lake litatajwa kila inapowezekana. Na hakuna kati yetu atakayeisajili rekodi kwenye mfumo wowote wa madai bila mwenzake kujua. Kipengele hicho cha mwisho maalim alitaka nimweleze sana, na nilipomsimulia yaliyotupata alikifurahia kuliko vyote. Tukatia saini na shahidi mmoja. Nilimshauri pia akaisajili kazi yake COSOZA, naye akaenda.

Gitaa na sello bado ziko kwenye filamu ndefu, na ziko salama. Sijaacha maktaba, kwa video za mafunzo, za mikutano na za haraka haraka, sina njia bora kuliko hiyo, na nawalipa watunzi wale kwa moyo mweupe. Lakini lile pengo la kidumbaki na kanuni kwenye kurasa za maktaba halijanitoka kichwani. Nimemwomba maalim na wenziwe warekodi vipande kadhaa vya kupeleka huko. Masharti yanawezekana: uwe mwenye haki pekee, faili iwe safi isiyobanwa, na utoe toleo refu pamoja na matoleo mafupi ya sekunde 60 na 30. Kwa rekodi hizi mpya tumekubaliana kwamba wapigaji wenyewe ndio watakaokuwa wenye haki, mimi nitakuwa fundi tu. Mzozo uliobaki ni wa maneno ya kutafutia, yale anayoyaandika mtu wa mbali anapotaka sauti ya pwani yetu. Maalim anataka "Unguja", mpiga fidla anataka "Zanzibar", nami nimesema tuyaweke yote mawili, na tuongeze "kidumbaki".